Jinsi ya kushona shairi la karne ya 15 barazani kwako, Lubumbashi

Unahitaji watu watatu, daftari moja, kalamu mbili kwa sababu moja itagoma, mbabula yenye makala kama ni Juni au Julai, na vidole vyako kumi. Vitabu si lazima. Nalisema mapema maana watu wakisikia "washairi wa karne ya 15" wanadhani lazima wapande basi mpaka chuo kikuu, Kasapa, wakaombe ruhusa mlangoni.

Mimi ni fundi wa kushona. Baraza langu liko komini ya Kenya, na hii Kenya ni mtaa wetu wa Lubumbashi, si nchi ya Nairobi. Wageni huchanganya kila mara. Mwaka wa pili sasa, Jumamosi jioni, mashini zikishafunikwa, tunatunga mashairi kwa vipimo vya watu walioishi kati ya 1450 na 1500. Tuko wanne: mimi, mwanafunzi wangu mkubwa, ambaye wote tunamwita Yaya, kadogo wetu mwenye miaka 16, anayejifunza bado kutia zipu, na jirani mmoja mstaafu aliyefundisha Kifaransa, Papa Mwalimu.

Kwa nini miaka hiyo? Jibu langu ni la kifundi: washairi wa wakati ule walikuwa wapimaji. Mmoja Paris, mwingine Herat, katika Afghanistan ya leo, mwingine karibu na Kyoto, Japani, hakuna aliyemjua mwenzake, na wote walikuwa wakihesabu. Vipimo vyao vingine vinaingia katika Kiswahili kama mkono katika shati lililopimwa mwilini. Hilo niligundua kwa bahati, na ndilo nataka kukuonyesha.

Pima

Mizani ni silabi. Kila pigo la mdomo, kidole kimoja. Jihadhari na m na n zinazosimama peke yake: mto ni mizani mbili, m-to, mtoto ni tatu. Lakini mbali ni mbili tu, mba-li, maana m hapo imeegemea b. Sisi wa Lubumbashi tunasema muto na mutoto, na kadogo aliogopa kwamba midomo yetu itaharibu hesabu. Haiharibu. M-to ni mbili, mu-to ni mbili. Tamka unavyotamka nyumbani, hesabu itakuja ileile.

Usihesabu ukiwa na mkasi mkononi. Mwaka jana nilikuwa nakata mikono ya roba (gauni) ya mteja huku natafuta mizani nane kichwani, na mikono ikatoka mifupi kwa sentimeta nne. Kitambaa nilikilipa mimi. Shairi lenyewe halikuwa zuri.

Anza na mistari mitatu

Usianze na kitu kikubwa. Anza na Jorge Manrique, askari na mshairi wa Castilla, Hispania. Baba yake, Rodrigo, alifariki mwaka 1476, naye akamtungia maombolezo ya beti 40. Yeye mwenyewe alikufa vitani miaka mitatu baadaye, 1479. Ubeti wake unakwenda hivi: mstari wa mizani nane, mwingine wa nane, kisha mmoja uliokatwa katikati, wa nne. Wahispania huuita mguu uliovunjika. Ukiusoma kwa sauti unasikia kabisa mtu anakanyaga, anakanyaga, halafu anachechemea.

Maneno yake yanayojulikana zaidi niliyaweka hivi, na vidole vyangu havikuamini:

Maisha yetu ni mito
iendayo baharini,
ndiyo kufa.

Nane, nane, nne. Sikubana neno, sikurefusha neno. Anayejua mashairi ya pwani ataona mara moja kwamba mizani nane ni nusu ya mshororo wetu wa kumi na sita, ule wenye vipande viwili, ukwapi na utao, na kwamba shairi lenye kituo kifupi tunalo, tunaliita msuko. Kwa hiyo Manrique akija barazani hahitaji mkalimani wa mizani.

Mpe kila mtu dakika kumi atunge mistari mitatu kwa kipimo hiki. Marufuku kutaja kifo, maana wote watakimbilia huko. Ya kadogo, mara ya kwanza:

Umeme umekatika,
pasi ingali ya moto,
shati bichi.

Papa Mwalimu alisema hilo si shairi, ni taarifa. Mimi nilisema ni shairi kwa sababu niliona mkono wa kadogo ukikimbia juu ya shati kabla pasi haijapoa. Tulibishana mpaka munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, ukaisha. Ubishi wa namna hiyo uache uendelee, usiwe mwenyekiti.

(Bahari, kwa kweli, iko mbali nasi. Mto Lubumbashi unaingia Kafubu, Kafubu unaingia Luapula, maji yanapita ziwa Mweru, yanashuka Luvua mpaka Lualaba, ndipo mto Kongo, ndipo Atlantiki. Yaya aliichora safari yote nyuma ya risiti ya uzi. Kufa kwa Manrique ni kwa mtu anayeishi karibu na pwani, alisema. Kwetu mtu anachukua muda.)

Ubeti wa mwizi

Sasa kazi nzito. François Villon alizaliwa Paris mwaka 1431, mwaka uleule Jeanne d'Arc alipochomwa moto Rouen. Alisoma chuo kikuu. Mwaka 1455 alimjeruhi kasisi katika ugomvi na kasisi akafa; wakati wa Krismasi 1456 yeye na wenzake waliiba dhahabu ya chuo cha Navarre. Mwaka 1461 aliandika shairi refu kwa umbo la wasia, anagawia watu vitu ambavyo hana. Walimhukumu kunyongwa, kisha Januari 1463 hukumu ikageuzwa kuwa kufukuzwa Paris miaka kumi. Akatoka mjini, na hapo ndipo habari zake zinapokatika. Mashairi yake yalipigwa chapa mwaka 1489, na Pierre Levet, Paris, mwenyewe hayupo kusahihisha.

Waambie watu wako haya kwa dakika tatu, si zaidi. Jioni yetu ya kwanza Papa Mwalimu alimhutubia Villon kwa saa nzima, na kadogo akalala juu ya rundo la vitenge.

Ndani ya wasia ule kuna shairi la wanawake wa zamani. Mshairi anauliza yuko wapi huyu, yuko wapi yule: Flora wa Roma, Héloïse, Jeanne wa Lorraine, yaani yule Jeanne d'Arc. Kila ubeti unafungwa na swali lilelile: *Mais où sont les neiges d'antan?* Hesabu: mais, où, sont, les, nei, ges, d'an, tan. Nane! Wafaransa huuita mstari huo refrain, sisi tunauita kibwagizo, na kazi yake ni moja.

Umbo zima ni hili. Beti tatu za mistari minane, kila mstari mizani nane. Mwishoni kipande cha mistari minne, ambacho huanza kwa kumwita mkubwa fulani: "Prince". Jumla mistari 28. Vina ni vitatu tu kwa shairi lote, havibadiliki kutoka ubeti hadi ubeti. Mpango wake katika ubeti, ukivipa rangi za uzi: nyekundu, bluu, nyekundu, bluu, bluu, nyeupe, bluu, nyeupe. Mstari wa mwisho, huo mweupe, ni kibwagizo. Kipande cha mwisho ni bluu, nyeupe, bluu, nyeupe.

Sasa fanya hesabu kabla ya kukata kitambaa, maana hapa ndipo wengi wanaishiwa uzi. Nyekundu inatakiwa mara 6. Nyeupe mara 8, lakini mara 4 kati ya hizo ni kibwagizo chenyewe. Bluu inatakiwa mara 14! Kwa hiyo usichague kina cha bluu kwa uzuri. Kichague kwa wingi. Ukichagua silabi adimu utafika ubeti wa tatu unaanza kuokota maneno yasiyokuhusu.

Anza kutoka chini. Tafuta kibwagizo kwanza, kiandike sehemu nne za ukurasa pale kitakapokaa, ndipo upande juu.

Kibwagizo chetu kilichukua Jumamosi mbili. *Antan* kwa asili yake ni mwaka uliopita, si zamani za kale, kwa hiyo nilileta "Theluji ya mwaka jana", mizani nane safi. Nilijivuna nayo. Kadogo akauliza, "Mama, theluji inanuka nini?" Hakuna aliyejua. Hakuna kati yetu aliyewahi kuikanyaga. Villon alipouliza theluji iko wapi, kila mtu wa Paris alikuwa ameiona ikiyeyuka mlangoni kwake. Swali linauma kwa sababu jibu liko chini ya viatu. Basi tukatafuta kitu ambacho Lubumbashi yote imekiona kikiondoka.

Nilipendekeza maua ya jakaranda, yale ya zambarau yanayofunika barabara kuanzia Septemba, ukiamka kesho yamegeuka matope: "Wapi maua ya jana?" Nane. Zuri, Papa Mwalimu alilipenda. Yaya alikuwa kimya, anakunja vitambaa. Halafu akasema bila kuinua kichwa: "Wapi moshi wa zamani?"

Asiyetoka hapa nimweleze. Mjini kwetu kuna bomba refu la moshi la kiwanda cha kuyeyusha shaba, na kando yake tuta jeusi la masalio ambalo wote wanaliita terrili. Linaonekana kutoka mitaa mingi. Wazee wetu walikuwa wakitazama moshi wake wanajua kuna kazi. Baba yake Yaya alifanya kazi huko.

Maua ya jana yalishindwa palepale. Ubeti wa kwanza, ambao Yaya alitunga karibu wote peke yake:

Wapi wafua wa kale,
shaba ikitiririka?
Wapi honi na kelele
mji ulipozinduka?
Papa aliyeondoka
na gamela mkononi
hadi leo hajafika.
Wapi moshi wa zamani?

Angalia rangi: *le, ka, le, ka, ka, ni, ka, ni*. Angalia pia mstari wa tano na wa sita. Baada ya honi na kelele za mji mzima anakuja mtu mmoja, na chombo chake cha chakula. Villon anafanya hivyo hivyo: kundi la malkia, kisha msichana mmoja wa kijijini aliyechomwa moto. Ukikwama, punguza watu.

Tahadhari ya kina *-ni*: Kiswahili kinakugawia bure. Nyumbani, jikoni, sokoni, kanisani, unaweza kujaza gunia. Usitumie zaidi ya jina moja la mahali katika ubeti, la sivyo shairi linakuwa orodha ya anwani.

Kipande cha mwisho tulikifanya wote. Mtu wa kumwita alileta shida, kwa kuwa hatuna "Prince". Tulijaribu "Shefu", tukajaribu "Mkubwa". Tukabaki na "Bwana", ambalo halijulishi kama anaitwa mkurugenzi au Mungu:

Bwana, usitaje mwaka
wala juma wala lini:
midomo imeshachoka.
Wapi moshi wa zamani?

Kiswahili gani?

Swali hili litatokea jioni ya kwanza au ya pili, na litatokea kwa hasira. Papa Mwalimu anataka Kiswahili cha kitabu. Kadogo anaandika anavyoongea: anasemaka, tunakulaka, walitokaka.

Mimi hapo namleta Ali-Shir Nava'i wa Herat, aliyezaliwa 1441 na kufa 1501. Herat ya wakati wake, mtu akitaka heshima aliandika Kiajemi. Rafiki yake mkubwa, Jami, aliyefariki 1492, alikuwa bingwa wa Kiajemi. Nava'i mwenyewe alikijua na alitunga humo. Lakini kazi zake kubwa alizitunga kwa Kituruki cha Chagatai, lugha ambayo wasomi waliiona ya wapanda farasi. Mwaka 1499 akaandika kitabu cha kuzihukumu lugha hizo mbili. Hakuishia kwenye fahari. Aliorodhesha. Alitoa vitenzi 100 vya Kituruki ambavyo Kiajemi hakina kwa neno moja. Alionyesha namna mbalimbali za kulia, kila moja na jina lake. Alionyesha kwamba Mturuki anamtaja bata dume kwa jina lake na jike kwa jina lake, wakati Mwajemi anasema bata tu.

Fanyeni kama yeye: kila mtu alete vitenzi vitano vya Kiswahili ambavyo Kifaransa kinahitaji sentensi. Mimi nilileta kukesha na kushinda. Papa Mwalimu alijaribu kutafsiri "nimeshinda hapa" akafika maneno sita, akacheka, akavua miwani. Tangu siku hiyo hajasahihisha *-aka* ya kadogo.

Na *-aka* ile, kwa mtunga mashairi, ni hazina. Ukihitaji kina cha bluu mara 14, na mtaa wako unamalizia vitenzi kwa *-ka*, umepewa robota zima. Kwa sababu hiyo hiyo jizuie. Sheria ya baraza langu ni *-aka* moja kwa ubeti. Katika ubeti wa Yaya hamna hata moja: tiririka, zinduka, ondoka, fika, zote zimezaliwa na *-ka* yao.

Shairi la mikono mitatu

Hili ndilo nalipenda kuliko yote, na ndilo linaloharibika upesi.

Siku ya 22 ya mwezi wa kwanza, 1488, watu watatu waliketi Minase, karibu na Kyoto: Sōgi, mtawa msafiri aliyekuwa na zaidi ya miaka 60, na wanafunzi wake Shōhaku na Sōchō. Vita vya Ōnin, vya 1467 hadi 1477, vilikuwa vimechoma sehemu kubwa ya mji mkuu. Walitunga kipande kimoja kimoja kwa zamu mpaka vikafika mia. Walimkumbuka mfalme Go-Toba, aliyekuwa na jumba lake Minase na kufariki uhamishoni mwaka 1239.

Aina hiyo inaitwa renga. Wa kwanza anatoa mistari mitatu ya mizani 5, 7, 5. Wa pili anajibu kwa miwili ya 7, 7. Wa tatu anarudi 5, 7, 5. Sōgi alifungua hivi, kwa vidole vyangu:

Theluji bado;
ukungu mlimani
jioni hii.

(*Hii* ni mizani mbili. Wajapani nao huhesabu irabu ndefu mara mbili.) Ukungu ule haukuwekwa bure. Go-Toba mwenyewe aliwahi kutunga shairi la kuutazama mto Minase ukiwa na ukungu, akiuliza nani alisema jioni nzuri ni za vuli peke yake. Sōgi anampigia hodi mwenye nyumba aliyekufa miaka 249 nyuma. Shōhaku akajibu:

Maji yaenda mbali,
kijiji chanukia.

Harufu hiyo ni ya maua ya miplamu. Sōchō akaleta upepo wa mtoni na mierebi. Ona: theluji inayeyuka, inakuwa maji, maji yanafika kwa watu.

Sheria iliyo ngumu ni hii: kipande chako kinashikana na kile kilichotangulia tu. Kile cha kabla ya hapo kiache kabisa. Vipande viwili vikisomwa pamoja lazima vitoe picha, na picha hiyo isiendelee katika kipande kinachofuata. Watu wetu wamezoea hadithi, mtu akianza safari wanataka afike. Hapa hafiki. Hapa kila baada ya hatua mbili unahamia kwa jirani.

Ngoja nikuonyeshe ya Juni iliyopita. Mimi nilifungua, na kipande cha kwanza lazima kitaje majira na mahali mlipo:

Baridi, Juni;
moshi wa makala tu
penye baraza.

Yaya:

Mama anahesabu
noti zilizochoka.

Hizo ni faranga zetu, zile zilizolainika kama kitambaa cha kufutia vumbi, zenye gundi ya karatasi katikati. Pamoja na cha kwanza unaona muuzaji wa mikate asubuhi na mbabula yake. Sasa zamu ya kadogo. Aliandika moshi unaingia machoni mwa mama. Nikakataa: moshi ni wa kwangu, umeshapita. Akaandika mama anakwenda sokoni. Nikakataa tena, hiyo ni hadithi inaendelea. Akanuna. Akatoka nje, akarudi na mikono baridi, akaandika:

Barua yake
imekunjwa vizuri,
haijasomwa.

Tulinyamaza. Kutoka noti zilizokunjika mpaka barua iliyokunjwa; mama wa mikate ametoweka, yupo mtu mwingine kabisa, labda katika chumba kingine, labda kijana. Kiungo ni mkunjo tu. Kama unataka kumweleza mtu renga ni nini, mpe vipande hivyo viwili vya mwisho, ufunike cha kwanza kwa kiganja.

Msijaribu mia. Wajapani waliandika mia hizo juu ya karatasi nne zilizokunjwa, na upande wa mbele wa karatasi ya kwanza ulibeba vipande 8. Fanyeni hivyo 8. Sisi hutuchukua saa moja na nusu, pamoja na ugomvi. Awepo mwandishi mmoja mwenye haki ya kukataa kipande kinachorudia, na msimbadilishe katikati. Mwezi na maua vina nafasi zao katika renga. Sisi tumeamua mwezi uonekane mara moja katika vipande 8, na ua liwe jakaranda hata kama si msimu wake.

Ukibakiwa na jioni

Kabir wa Banaras, India, alikuwa mfumaji, mtu wa nyuzi kama mimi, na beti zake za mistari miwili zilitembea kwa midomo kabla ya kuandikwa. Kila mstari una mapigo 24, unapumua baada ya 13, kisha 11. Nimejaribu kwa Kiswahili mara nyingi; mapigo ya Kihindi yanapima urefu wa irabu, na shati langu linabana kwapani. Sikushauri uanze nalo.

Watu wa Mexico wa wakati huo, wa lugha ya Nahuatl, walikuwa wakisema "ua na wimbo" wakimaanisha ushairi: maneno mawili kwa kitu cha tatu. Nezahualcoyotl, mtawala wa Texcoco aliyefariki 1472, ndiye anayetajwa sana kati ya washairi wao. Zoezi zuri kwa watoto: wape "sindano na taa" uwaulize ni kitu gani. Jibu la mtaa wetu lilikuwa mama.

Na Mihri Hatun wa Amasya, katika Uturuki ya leo, mwanamke, alikuwa akichukua shairi la Necati, mwanamume mwenye jina, anatunga jibu kwa kina kilekile na kipimo kilekile. Necati hakufurahi. Jumamosi moja kadogo alimjibu Papa Mwalimu namna hiyo, kina kwa kina, na sitaliandika hapa.

Kusoma

Aliyetunga asisome. Hii ni sheria yangu na sijapata kujuta. Mtunzi akisoma anajaza kwa sauti mahali ambapo maneno yana tundu. Mwingine akisoma, tundu linaonekana. Msomaji asome mara mbili, ya pili polepole, na mtunzi akae na mikono mapajani, asiongoze vidole.

Shairi la moshi alilisoma Papa Mwalimu. Mara ya kwanza alilisoma vizuri mno, kama darasani. Mara ya pili, alipofika "hadi leo hajafika", alisimama, akaliweka daftari juu ya mashini, akasema kuna neno moja la Kifaransa mle ndani, gamela, na Kiswahili kina neno lake, bakuli, nalo pia ni mizani tatu, halitaharibu kitu.

"Papa," Yaya akamjibu, "alibeba gamela."

Mwandishi akaandika gamela.